Droni kwa ekari 14 Kamulu: tununue, tukodi, au tubaki na pampu ya mgongoni?

mkulima_kamulu

Habari wadau. Chama chetu kinalima ekari 14 Kamulu, nje kidogo ya Nairobi, upande wa Kangundo Road. Mahindi ni ekari 9, vitunguu 3 na nyanya 2. Vitunguu na nyanya viko kwenye mipira ya kumwagilia kwa matone, mahindi yanategemea mvua, na tunalima misimu miwili kwa mwaka. Udongo ni ule mweusi wa kunata. Kwa msimu mmoja mahindi hupigwa dawa mara 3, vitunguu mara 6, nyanya mara 10. Sasa tunatumia vibarua na pampu za lita 20, na maji ya kuchanganyia tunanunua kwa bauza.

Wanachama wawili wanataka tununue droni ya kupigia dawa yenye tangi la lita 20. Muuzaji anasema itapunguza gharama ya dawa kwa nusu na kwamba itajilipa ndani ya mwaka. Maswali yangu ni matatu. Je, hesabu hiyo inashika? Dawa tunazotumia zinafaa kupigwa kwa droni? Na kwa kuwa tuko karibu na uwanja wa ndege wa JKIA, tunaruhusiwa kweli kurusha?

---

hesabu_za_shamba

Acha ekari zilizo kwenye hati ya shamba, hesabu ekari zinazopigwa dawa kwa mwaka. Kwenu ni hivi: mahindi 9 × 3 = 27, vitunguu 3 × 6 = 18, nyanya 2 × 10 = 20. Jumla 65 kwa msimu, 130 kwa mwaka. Hiyo 130 ndiyo itakayobeba gharama yote ya mashine.

Sasa weka bei. Hizi za kwangu ni za mfano tu, badilisha kwa zile mtakazopewa. Tuseme droni, betri 3, chaja na jenereta ni shilingi 2,000,000, na mnataka irudishe hela kwa miaka 4. Hiyo ni 500,000 kwa mwaka. Vipuri na matengenezo weka 200,000. Rubani mwenye leseni, bima na vibali weka 600,000. Mko kwenye 1,300,000 kabla hamjapiga hata tone moja. Petroli ya jenereta, uchakavu wa betri na msaidizi wa kujaza tangi weka 250 kwa ekari. Kama bei ya kukodi sokoni ni 1,000 kwa ekari, kila ekari mnayojipigia wenyewe inaokoa 750. Gawanya 1,300,000 kwa 750, unapata ekari 1,733 kwa mwaka. Ninyi mna 130.

Hata nikikosea bei kwa nusu, bado mko mbali sana. Mashine ya namna hii inamfaa anayeuza huduma kwa mashamba mengi, au ushirika wenye mamia ya ekari za zao moja. Kwa ekari 14, kodini.

Uchakavu wa betri ndio gharama ambayo wengi huisahau, kwa sababu haina risiti ya kila siku. Chukua bei ya betri, gawanya kwa idadi ya mara inazoweza kuchajiwa. Betri ya 200,000 inayodumu mara 1,000 inakula shilingi 200 kila inaporuka. Ikipaa na kumaliza ekari 2, hiyo ni shilingi 100 kwa ekari. Ikiharibiwa na joto ikafa kwa mara 500, ni 200 kwa ekari.

Kuhusu "nusu ya dawa", mwombe muuzaji aeleze vizuri. Droni inapunguza maji, na inayapunguza mno. Dawa yenyewe huhesabiwa kwa ekari, na wadudu ni wale wale. Akipunguza dawa kwa nusu amepunguza dozi, na dozi pungufu ndiyo shule ya wadudu wasiosikia dawa. Dawa huokolewa kwa njia moja halali: kupiga palipo na tatizo tu na kuacha penye afya.

Kwenye maji ndipo kuna pesa ya kweli. Kwa pampu ya mgongoni mnatumia kama lita 200 kwa ekari, yaani pampu 10. Mahindi yenu ekari 9 ni lita 1,800 kila mzunguko. Kwa droni, lita 8 kwa ekari ni lita 72. Mapipa mawili madogo dhidi ya bauza. Weka hiyo kwenye hesabu ya kukodi, pamoja na siku mbili tatu za vibarua.

---

bwana_mimea

Nakubaliana na mwenzangu hapo juu, ila ile 130 ipunguzwe zaidi. Si kila zao kati ya hayo matatu linapigika vizuri kwa droni.

Mahindi ndiyo yanayofaa. Kiwavijeshi hukaa ndani ya faneli, pale majani machanga yanapojikunja. Upepo wa mapanga ya droni unasukuma matone kuelekea chini, moja kwa moja ndani ya faneli. Piga jioni, kuanzia saa 11 hivi, kwa sababu kiwavi hutoka kula jua likipungua. Akishafunga faneli kwa kinyesi chake, kile kinachofanana na vumbi la mbao lililolowa, matone hayapenyi tena, iwe kwa droni au kwa pampu. Kwa hiyo kagua mapema: fungua faneli, tafuta vidirisha vyeupe kwenye jani, na viwavi ambao bado ni wadogo.

Vitunguu ni kazi ngumu. Jani limesimama wima, lina nta, na thripsi, wale wadudu wadogo sana wanaofyonza majani, wamejificha kwenye kikwapa cha jani, karibu na shingo ya kitunguu. Matone madogo machache kutoka juu hayashuki hadi pale. Utahitaji kinatishi, yaani kiungo cha kushikisha dawa kwenye jani, na maji mengi zaidi, na hapo faida ya droni inayeyuka.

Nyanya za kusimamishwa kwa miti ni ngumu vilevile. Tuta absoluta, yule kiwavi mdogo wa nyanya, yuko ndani ya jani. Bakajani chelewa, ile wakulima wengi huita bleiti, hufanya ukungu wake mweupe upande wa chini wa jani. Droni hupaka dawa upande wa juu vizuri sana, na upande wa chini kidogo sana. Kwa lita 8 kwa ekari usijaribu. Anayelazimika aende lita 16 hadi 20 kwa ekari, mwendo wa polepole, na hata hivyo kwa ekari 2 pampu ya mgongoni yenye injini itafanya kazi nzuri zaidi.

Kwa hiyo mnabaki na mahindi: ekari 27 kwa msimu, 54 kwa mwaka.

Sasa suala la lebo, maana hapa ndipo watu huchoma mimea. Lebo zetu nyingi zimeandikwa kwa pampu, "mililita kadhaa kwa lita 20". Tuseme lebo inasema mililita 15 kwa lita 20. Kwa lita 200 za ekari moja, hiyo ni mililita 150 kwa ekari. Droni inabeba mililita zile zile 150 ndani ya lita 8. Kwenye pampu, lita moja ilikuwa na mililita 0.75. Kwenye droni ina mililita 18.75. Mchanganyiko umekuwa mkali mara 25.

Dawa nyingine zinavumilia ukali huo, nyingine zinababua majani, na nyingine zikikutana zikiwa nzito hivyo zinaganda kama maziwa yaliyochacha. Kwa hiyo kwanza soma kama lebo iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu inaruhusu kupiga kutoka angani au kwa maji machache. Kama hairuhusu, muulize mwenye dawa kwa maandishi. Pili, changanya kwenye chupa ya kioo kwa uwiano ule ule wa droni, ukitumia maji ya shambani. Funika, tikisa, iache nusu saa. Ukiona tabaka, chembe au mgando, au chupa ikipata joto, mchanganyiko huo usiingie kwenye tangi.

Maji ya visima upande huo mara nyingi ni magumu na yenye alkali. Nunua karatasi za kupima pH, yaani kiwango cha asidi au alkali, ni bei ndogo. Ikizidi 8, baadhi ya dawa za wadudu huanza kuvunjika kabla hazijafika kwenye jani. Na glifosati, dawa ya magugu, hushikwa na kalisi ya maji magumu ikapoteza nguvu. Uzuri wa droni ni kwamba lita 72 za maji ya mvua ni rahisi kukinga na kuhifadhi. Lita 1,800 si rahisi.

---

rubani_wa_chini

Nizungumzie kurusha kwenyewe na sheria.

Kenya tunafuata kanuni za vyombo vya anga visivyo na rubani za 2020, chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Droni lazima isajiliwe, kuiingiza nchini kunahitaji kibali, anayerusha lazima awe na leseni ya rubani wa mbali, na anayefanya biashara awe na cheti cha uendeshaji. Kumwaga kitu kutoka angani, dawa ikiwemo, kunahitaji idhini mahsusi. Cheti cha kupiga picha peke yake hakitoshi. Urefu usizidi futi 400 kutoka ardhini. Kwa uwanja mkubwa kama JKIA, kaa nje ya kilomita 10 isipokuwa umeruhusiwa. Kwa viwanja vidogo ni kilomita 7. Kamulu iko nje ya duara la JKIA, lakini Ruai iko ukingoni kabisa, kwa hiyo pima kwenye ramani kutoka katikati ya uwanja hadi kona ya shamba iliyo karibu zaidi. Usipime kutoka geti la uwanja. Syokimau na Mlolongo ziko ndani. Mlio karibu na Mbuga ya Nairobi, mbuga nayo ina kibali chake kupitia KWS, shirika la wanyamapori.

Kwa hiyo ukikodi, kabla ya kuuliza bei omba nakala ya leseni ya rubani, cheti cha uendeshaji, namba ya usajili wa droni, na bima ya madhara kwa watu wengine. Anayesita kuonyesha, achana naye. Dawa ikiangukia sukuma ya jirani, jirani atakuja kwenu nyinyi kwanza.

Jambo ambalo broshua haitawaambia: uzito unaoandikwa kwa droni umepimwa karibu na usawa wa bahari. Kamulu iko takriban mita 1,500. Hewa ya hapo ni nyepesi kwa kama asilimia 14, na jua likipandisha joto hadi nyuzi 25 pengo linakaribia asilimia 20. Mapanga yanazunguka kwa kasi zaidi kubeba uzito ule ule, mota zinapata moto, betri inaisha mapema. Tangi la lita 20 lijazwe 15 au 16. Limuru na Kinangop, ambako ni juu zaidi, punguza tena. Utajua umejaza kupita kiasi ukiona droni inazama kidogo inapokata kona mwisho wa mstari, au betri ikitua ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika.

Upigaji wenyewe: juu ya vilele vya mahindi mita 2.5 hadi 3, mwendo mita 5 kwa sekunde, upana wa pito (ukanda unaopigwa kila droni inapopita) mita 5. Pampu inapaswa kutoa kiasi gani? Zidisha lita kwa hekta × mwendo × upana × 60, kisha gawanya kwa 10,000. Kwa lita 20 kwa hekta, ambazo ndizo zile 8 kwa ekari: 20 × 5 × 5 × 60 ÷ 10,000 = lita 3 kwa dakika. Kama pampu na nozeli hazifikishi lita 3, droni itapunguza mwendo au itapiga pungufu. Hakikisha kwa ndoo na saa: iweke juu ya vigingi, mapanga yakiwa yametolewa, endesha pampu dakika moja, pima maji.

Kisha karatasi za matone. Ni zile za manjano zinazogeuka bluu zikiguswa na maji. Funga 10 kwenye mstari unaokata njia ya droni, nyingine ndani ya faneli, nyingine kwenye jani la chini. Piga maji matupu. Halafu chora mraba wa sentimita moja kwa moja na uhesabu madoa. Kwa dawa ya wadudu inayopenya mmea, madoa 20 hadi 30 yanatosha. Kwa dawa ya ukungu inayofanya kazi pale inapogusa tu, tafuta 50 hadi 70. Karatasi ya katikati ikiwa bluu tupu na ya pembeni ina madoa 6, upana wa pito ni mkubwa mno; uteremshe hadi mita 4.

Upepo ukizidi mita 3 au 4 kwa sekunde, simamisha. Lakini pia jihadhari na asubuhi tulivu kabisa. Ukiona moshi wa jikoni la jirani unapanda kidogo kisha unatanda kama shuka, hewa ya chini imefunikwa na hewa ya joto. Matone madogo hayatatua, yataning'inia na kwenda usikokutaka. Subiri jua lipashe ardhi, moshi uanze kupanda wima. Kamulu imezungukwa na ploti za hamsini kwa mia zenye watoto, kuku na nguo kwenye kamba. Kwa dawa ya magugu tumia matone makubwa, mikroni 300 kwenda juu, na acha ukanda wa mahindi bila kupigwa kwa droni upande wa jirani. Ukanda huo umalizie kwa pampu.

Nyaya za stima ndizo muuaji mkubwa wa droni za shamba. Rada inaona nguzo, waya mwembamba inaweza kuukosa. Tembea mpaka wote kwa miguu, weka alama kila waya kwenye ramani ya droni, na kila waya wa kushikilia nguzo pia.

---

ramani_na_jembe

Naongeza moja ambalo halijaguswa: droni ndogo ya picha inaweza kuwafaa kuliko ya dawa.

Mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25 ni kama miche 21,500 kwa ekari. Rusha chini, mita 20 hadi 30, mahindi yakiwa na majani 3 au 4, uhesabu mapengo. Pengo likionekana ndani ya siku 7 hadi 10 baada ya kuota, kuziba kuna maana. Baadaye ni kulisha mche utakaofunikwa na wenzake.

Mara ya pili rusha mahindi yakiwa na majani 6 hadi 8, kabla ya kuweka CAN, mbolea ya kukuzia. Mita 60 zinatosha. Picha zipishane asilimia 80 mbele na 70 pembeni, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, anga ikiwa safi yote au imefunikwa yote. Mawingu yanayopitapita yataleta mabaka kwenye ramani ambayo si ya mmea. Ekari 14 ni betri moja. Picha unaunganisha kwa WebODM na kusoma kwa QGIS, zote programu huria.

Kamera ya kawaida inatosha kwa mapengo, maji yaliyotuama na mpira wa matone ulioziba. Ile ya mawimbi mengi inapima NDVI, kipimo cha afya ya mmea: mwanga wa infraredi ya karibu toa mwekundu, gawanya kwa jumla ya hiyo miwili. Namba hiyo inaonyesha wapi mmea ni dhaifu, haisemi kwa nini. Chukua jembe, nenda kwenye doa, chimba. Kwenye udongo mweusi mara nyingi utakuta maji yamesimama na mizizi imekosa hewa. Kuongeza CAN pale ni kumwaga pesa, panahitaji mtaro.

Na msikubali kuuziwa droni ya kumwaga mbolea. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari ni safari tatu au nne kwa droni ya ukubwa huo, na CAN ikivuta unyevu hugandamana ndani ya chombo cha kumwagia.

---

mkulima_kamulu

Asanteni sana. Basi mahindi tukodi, vitunguu na nyanya tubaki na pampu. Swali la mwisho: kuna hali yoyote ambapo kukodi kunashinda vibarua kiasi cha kutoumiza kichwa na hesabu? Na siku anayekodisha akija tumwandalie nini?

---

hesabu_za_shamba

Ndiyo, na ni udongo wenu. Baada ya mvua kubwa ule mweusi hauingiliki siku tatu nne: kibarua anazama, tope linashika buti, na anakanyaga mahindi. Kiwavi hasubiri ukauke. Droni inapita juu jioni hiyo hiyo mvua ikikatika na majani yakikauka. Kupoteza siku nne kwa kiwavijeshi kunaweza kugharimu zaidi ya tofauti ya bei ya kukodi. Ekari 9 kwa tangi la lita 16 ni kama safari 5, anamaliza kwa saa moja na ushee pamoja na kujaza. Tatizo ni kwamba siku hiyo kila mtu anamtaka. Ungeni na majirani wenye mahindi mfikishe ekari 40 au 50, mpate zamu na bei nzuri.

---

rubani_wa_chini

Mwandalieni mahali pa kutua pakavu, turubai la mita 3 kwa 3 lililofungwa kwa vigingi, maana kokoto na vumbi hula ncha za mapanga. Liwe mbali na mabati na gari, chuma huchanganya dira. Kivuli cha betri. Ndoo mbili, moja ya kuyeyushia kwanza: dawa ya unga iloweshwe pembeni, ichujwe kwa kitambaa au wavu wa matundu 80 hadi 100 kwa inchi, ndipo ya maji ifuate. Unga usioyeyuka ndio huziba nozeli na kusaga sili za pampu, hasa dawa za shaba.

Mtu wa kuchanganya avae glavu, miwani na aproni. Mchanganyiko ni mkali mara 25, tone moja jichoni si mchezo. Majirani waambiwe siku moja kabla, hasa mwenye mizinga.

Akimaliza asuuze tangi mara tatu kwa maji kidogo kidogo, akizungusha pampu kila mara, na maji hayo ya kusuuza ayapige juu ya mahindi hayo hayo, asiyamwage mtaroni. Kama alikuwa na dawa ya magugu kwingineko, mwambie asuuze mbele yenu kabla hajajaza. Na karatasi za matone mzitumie siku yenyewe, kwa maji ya kisima hicho hicho na upepo wa saa hiyo, kabla hajatia dawa.